Jirani wa Suheli na gesi isiyopaswa kuwapo

MAKALA MAALUMU

Katikati ya Februari, kabla masika hayajaingia, usiku usio na mbalamwezi huwa mweusi sana katika kata ya Kurui wilayani Kisarawe, mbali na taa za Dar es Salaam. Saa tatu usiku, mtu akisimama uwanjani na kuelekea kusini ataiona Suheli bila kuitafuta, maana ni ya pili kwa mng'ao miongoni mwa nyota zote za usiku. Akinyoosha mkono na kupima vidole vitatu kulia kwa Suheli, atakuta nyota hafifu isiyovutia jicho, ambayo mtu wa Kariakoo hawezi kuiona kwa sababu ya taa za jiji. Wanaanga wanaiita Beta Pictoris. Iko umbali wa miaka ya nuru 63 hivi na umri wake ni miaka milioni 20 na ushei, yaani bado ni mtoto ukiilinganisha na Jua letu lenye miaka bilioni 4.6. Nyota hiyo imezungukwa na gesi ambayo, kwa hesabu za vitabuni, ilipaswa kuwa imekwisha zamani.

Gesi hiyo imewagawa wataalamu kwa miaka 30. Wapo wanaosema ni masalia ya wingu lililozaa nyota. Wapo wanaosema wingu lile lilikwisha, na kwamba gesi inayoonekana leo ni mpya, imetoka ndani ya mawe na barafu yanayogongana na kusagika. Makala hii inashika upande wa pili, na itaeleza kwa nini, pamoja na pale ambapo hoja hiyo bado inachechemea. Shahidi mmoja muhimu katika kesi hii aliangukia ardhi ya Tanganyika jioni moja ya Desemba 1938, na Watanzania wengi hawajawahi kusikia habari zake.

Vumbi lilivyofichuka

Nyota huzaliwa pale wingu la gesi na vumbi linapojikunja kwa uzito wake lenyewe. Kinachobaki nje hujipanga kuwa diski inayozunguka nyota mpya, na katika diski hiyo gesi huwa na uzito wa kama mara 100 ya vumbi. Hapo ndipo sayari huumbika, na sayari kubwa za aina ya Mshtarii lazima zijikusanyie gesi mapema, kwa sababu gesi haikai. Sehemu yake humezwa na nyota na sehemu hupeperushwa na mionzi ya nyota hiyo hiyo. Uchunguzi wa makundi ya nyota changa umeonyesha kuwa diski nyingi humaliza gesi ndani ya miaka milioni chache, na baada ya milioni 10 ni nadra kuikuta. Kinachosalia ni mawe, vipande vya barafu na sayari chache. Vipande hivyo huendelea kugongana, na kila mgongano hutoa vumbi jipya. Hiyo ndiyo diski ya vifusi. Jua letu nalo lina mabaki ya namna hiyo: ukanda wa asteroidi ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, na ukanda wa Kuiper ulio mbele ya Neptuni.

Mwaka 1983 setilaiti ya IRAS, iliyomilikiwa kwa pamoja na Marekani, Uholanzi na Uingereza, ilipima joto la nyota kadhaa zinazofahamika sana na kukuta linazidi lile ambalo nyota peke yake ingetoa. Palikuwa na vumbi linaloota moto wa nyota. Mwaka uliofuata Bradford Smith na Richard Terrile walipiga picha ya Beta Pictoris kutoka Las Campanas nchini Chile, wakaona mstari mwembamba wa vumbi ukitokeza pande mbili za nyota. Tunaiona diski hiyo kwa ubavu, na huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa picha kwamba nyota nyingine nazo zina mali ya kuumbia sayari. Kuhusu vumbi hapakuwa na ubishi mkubwa, kwa kuwa punje ndogo hufukuzwa na mwanga wa nyota kwa muda mfupi, hivyo kuwapo kwake kunadai chanzo kinachoendelea.

Ubishi ulikuja na gesi. Mwaka 1995 Ben Zuckerman, Thierry Forveille na Joel Kastner walitangaza kuwa wamekuta kaboni monoksaidi kwenye nyota ya 49 Ceti, ambayo kwa latitudo yetu hupita karibu kabisa na utosi. Kaboni monoksaidi ni gesi ile ile inayotoka kwenye jiko la mkaa na kuua watu waliolala chumba kisicho na hewa. Baadaye umri wa 49 Ceti ulikadiriwa kuwa miaka milioni 40 hivi, mara nne ya muda ambao gesi ingestahili kuwapo. Mwaka 2011 Attila Moór wa Hungaria na wenzake wakaikuta kwenye HD 21997, nyota ya miaka milioni 30. Darubini ya ALMA, yenye antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, ilipoanza kazi, orodha ikarefuka. Leo diski za vifusi zenye gesi zinazojulikana ni zaidi ya 20.

Miaka 120 tu

Beta Pictoris ndiko hoja inakosimama imara zaidi. Molekuli ya kaboni monoksaidi ikiachwa wazi angani, mionzi ya urujuanimno inayotoka kwa nyota zilizotapakaa kila upande huivunja kwa wastani wa miaka 120. Ni muda mfupi. Sehemu kubwa ya kaboni monoksaidi iliyokuwako pale wakati Vita vya Maji Maji vinafika Uzaramo mwaka 1905 ingekuwa imekwisha vunjika leo. Nyota yenyewe ina zaidi ya miaka milioni 20. Ukiona unga unapeperuka na upepo na bado kinuni pamejaa, ujue yupo anayetwanga.

> Ikiachwa wazi angani, kaboni monoksaidi huvunjika kwa wastani wa miaka 120. Nyota yenyewe ina zaidi ya miaka milioni 20.

Mwaka 2014 timu ya Bill Dent ilichapisha ramani ya gesi hiyo iliyochorwa na ALMA. Haikuwa imesambaa sawasawa. Karibu theluthi yake ilikuwa imerundikana upande mmoja, mbali na nyota kwa kiasi cha mara 85 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Gesi iliyobaki tangu kuzaliwa kwa nyota ingekuwa imezunguka mara maelfu na kujitandaza pande zote. Rundo la upande mmoja ni alama ya mahali ambapo vitu vinavunjwa sasa hivi. Watafiti hao walipiga hesabu kwamba, ili kiwango hicho kibaki pale, kometi kubwa moja ingepaswa kusagwa kila baada ya dakika tano. Hesabu hiyo inatisha, lakini diski ya Beta Pictoris ina mali nyingi kuliko mkanda wetu wa Kuiper wa leo, na kometi zake tunazijua kwa njia nyingine kabisa: tangu miaka ya 1980 wanaanga wamekuwa wakiona mistari ya kalsiamu ikitokea na kutoweka kwenye mwanga wa nyota hiyo, ishara ya nyota zenye mkia zinazopita mbele yake na kuyeyuka.

Upo ushahidi mwingine ulio mkimya zaidi. Katika mawingu yanayozaa nyota, kila molekuli moja ya kaboni monoksaidi huandamana na molekuli za hidrojeni kama 10,000. Kama gesi ya Beta Pictoris ni ya uzazi, hidrojeni ingepaswa kujaa tele. Mwaka 2001 setilaiti ya FUSE iliitafuta katika mwanga wa nyota hiyo na kuikosa. Kama ipo, iko pungufu sana ya uwiano huo. Vipimo vya ALMA vilivyofuata, vilivyolinganisha mng'ao wa kaboni monoksaidi katika masafa mawili, navyo vikaonyesha gesi nyepesi mno isiyo na wenza wa kugongana nao. Barafu haihifadhi hidrojeni kwa wingi, kwa hiyo gesi inayotoka kwenye barafu huja bila hidrojeni hiyo. Ndivyo ilivyo pale.

Kwa Fomalhaut, nyota angavu ya kusini iliyo miaka ya nuru 25 tu kutoka kwetu, mambo ni mepesi zaidi. Ina umri wa miaka milioni 440 hivi. Mwaka 2017 Luca Matrà na wenzake walikuta kaboni monoksaidi kidogo kwenye ukanda wake wa barafu, na kutokana nayo wakakadiria kuwa kometi za huko zina kiasi cha kaboni monoksaidi na kaboni dayoksaidi kinachofanana na cha kometi zetu. Hakuna anayeweza kudai kwamba gesi hiyo imekaa hapo miaka milioni 440.

Pale hoja inapochechemea

Hata hivyo, kushinda kesi ya Beta Pictoris si kushinda kesi zote. 49 Ceti, HD 21997, HD 131835 na HD 32297 zina kaboni monoksaidi nyingi mno, nyingine mara maelfu ya Beta Pictoris, na baadhi zinakaribia diski changa ambazo bado zinaumba sayari. Ili kuijaza diski ya namna hiyo kwa kometi pekee, tena gesi ikivunjika kila miaka 120, utahitaji kometi zaidi ya zilizopo. Ndiyo maana mwaka 2013 Ágnes Kóspál na wenzake walipendekeza kuwa HD 21997 ni diski chotara: vumbi lake ni la kizazi cha pili, gesi yake bado ni ya kizazi cha kwanza. Pendekezo hilo lina uzito na halistahili kupuuzwa.

Jibu lililopata wafuasi wengi lilitoka kwa Quentin Kral wa Paris na wenzake mwaka 2019. Molekuli ya kaboni monoksaidi inapovunjika huacha atomu za kaboni. Kaboni hiyo ikishakuwa nyingi hunyonya mionzi ya urujuanimno, na hivyo kuikinga kaboni monoksaidi inayozalishwa nyuma yake. Gesi iliyokuwa na miaka 120 ya kuishi sasa inaweza kuishi malaki ya miaka hata zaidi, ikajilimbikiza, na diski ikanenepa bila kuhitaji hata chembe ya gesi ya uzazi. Kwa hesabu hiyo, tofauti kati ya Beta Pictoris na 49 Ceti ni ya kiwango: moja haijafikia kiasi cha kaboni cha kujikinga, nyingine imekwisha kukivuka.

Jibu hilo lilikuwa zuri kiasi cha kujaribiwa, na lilipojaribiwa lilijeruhiwa. Mwaka 2023 Gianni Cataldi na wenzake walipima kaboni katika diski kadhaa kwa ALMA, wakakuta kwamba kwenye diski zenye kaboni monoksaidi nyingi, kaboni ni pungufu ya ile ambayo nadharia ya kinga inadai. Wanaoshikilia gesi ya uzazi wana haki ya kusema: kinga mnayoitegemea haionekani. Tena wana hoja ya pili. Riouhei Nakatani na wenzake walionyesha mwaka 2021 kwamba nyota zenye uzito wa kama mara mbili ya Jua hutoa kwa uhaba ile mionzi mikali inayofukuza gesi, kwa hiyo huenda zikaihifadhi gesi yao ya uzazi kwa muda mrefu kuliko tulivyodhani. Na kweli, diski nyingi zenye gesi nyingi zinazunguka nyota za aina hiyo.

> Nadharia nzuri ilipojaribiwa ilijeruhiwa: kaboni inayopaswa kuikinga gesi ni pungufu.

Nakubali kwamba hoja zote mbili ni za kweli kama zilivyo, lakini hazinitoshi kuhama. Ya kwanza inavunja hesabu moja ya kinga, wala haileti hidrojeni mezani. Sebastian Marino na wenzake wameonyesha kuwa nguvu ya kinga hiyo hutegemea sana namna kaboni na kaboni monoksaidi zinavyochanganyika juu na chini ya diski, jambo ambalo hesabu za awali zililirahisisha. Ya pili inasema gesi ya uzazi ingeweza kubaki, haisemi kwamba imebaki. Nyota nzito pia huzaliwa na diski nzito zenye barafu nyingi, hivyo wingi wa gesi kwao unatarajiwa na kambi zote mbili. Lililo muhimu kwangu ni kile kinachokosekana. Katika diski changa zenye hidrojeni, kaboni monoksaidi huambatana na molekuli nyingine nyingi. Watafiti walipozitafuta kwenye 49 Ceti, HD 21997 na wenzao, hawakuzipata, na kukosekana kwa zile zinazohitaji hidrojeni ili ziundike kunaelekeza kwenye gesi iliyo kame ya hidrojeni. Mpaka mtu aoneshe hidrojeni hiyo kwa kipimo cha moja kwa moja, mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayedai kwamba ipo.

Gesi ya kizazi cha pili haitoki kwenye kometi tu. Kwenye HD 172555, nyota ya kusini yenye umri kama wa Beta Pictoris, timu ya Tajana Schneiderman ilitangaza mwaka 2021 kwamba imekuta kaboni monoksaidi karibu na nyota, mahali penye joto ambapo barafu haiwezi kukaa. Maelezo yao ni kwamba sayari mbili ziligongana angalau miaka 200,000 iliyopita na moja ikapokonywa angahewa yake.

Shahidi kutoka Ivuna

Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, eneo la chemchemi za chumvi karibu na Ziwa Rukwa, ambalo leo liko wilaya ya Momba mkoani Songwe. Mkoa huo huo una kimondo cha Mbozi, kipande cha chuma chenye tani zipatazo 16 ambacho watalii hupigia picha. Kile cha Ivuna kilikuwa na gramu 705 tu, cheusi, chepesi na laini, na kingeachwa nje kwenye mvua kingegeuka tope. Kisayansi kinaishinda Mbozi kwa mbali. Vimondo vya aina yake vilivyoonekana vikianguka duniani kote ni vitano tu, na kundi zima limepewa jina la Ivuna: herufi I katika alama ya CI inayotumiwa na maabara zote za dunia inasimama badala ya jina la kijiji hicho. Mwaka 2008 Jumba la Makumbusho ya Asili la London lilijipatia kipande cha gramu 202 na kukihifadhi ndani ya naitrojeni ili hewa isikiharibu.

Thamani yake iko hapa. Ukipima elementi zilizomo katika jiwe la Ivuna na kuzilinganisha na zilizomo katika Jua, uwiano wake unakubaliana karibu kwa kila moja, isipokuwa zile za gesi: hidrojeni, heliamu na jamaa zake, na kwa kiasi fulani kaboni, naitrojeni na oksijeni. Kwa maneno mengine, jiwe hilo ni mali ghafi ya mfumo wetu, gesi ya uzazi ikiwa imeondolewa. Lakini si jiwe kavu. Sehemu kubwa ya madini yake ni udongo wa mfinyanzi ulioshikilia maji, zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya uzito wake, pamoja na kaboni na hata amino asidi. Ndani ya jiwe mama lake, barafu iliyeyuka miaka milioni michache tu baada ya Jua kuanza. Hivyo Ivuna inatuonyesha kwa mkono kile ambacho ALMA inakiona kwa mbali. Gesi ya uzazi huondoka, nayo mawe madogo hubaki na akiba yao ya maji na kaboni, tayari kuiachia yakisagwa au kupashwa moto.

Kuna atakayepinga kwamba gramu 705 haziwezi kusemea mfumo mzima. Pingamizi hilo lilikuwa na nguvu hadi Desemba 2020, chombo cha Japani cha Hayabusa2 kilipoleta gramu 5.4 kutoka asteroidi ya Ryugu, na vipimo vikaonyesha kuwa Ryugu ni ndugu wa Ivuna. Septemba 2023 Marekani ikaleta gramu 121.6 kutoka asteroidi ya Bennu, nayo ikakutwa na udongo wa mfinyanzi wenye maji, na chumvi zilizobaki baada ya maji ya chumvi kukauka. Wachemsha chumvi wa Ivuna wangeielewa habari hiyo upesi kuliko wengi wetu.

Maji ya Dunia yanahusikaje

Ubishi huu unagusa maji tunayokunywa. Desemba 2024 Kral na wenzake walichapisha nadharia kwamba Jua lilipopata nguvu, miaka milioni 20 hadi 30 hivi baada ya kuzaliwa, barafu ya ukanda wa asteroidi ilipata joto, ikatoa mvuke, na mvuke huo ukasambaa polepole kuelekea ndani hadi kuifikia Dunia, ikaunyonya kwa uzito wake. Kwa miaka mingi tumeambiwa maji yaliletwa na asteroidi na kometi zilizoipiga Dunia moja baada ya nyingine. Nadharia mpya haihitaji bahati ya mapigo. Inahitaji diski ya gesi ya kizazi cha pili, kama zile tunazoziona leo kwenye nyota changa. Bado haijathibitishwa. Lakini kama gesi ya diski hizo ni ya uzazi, nguzo ya nadharia hiyo inalegea, na kama ni ya mawe na barafu, basi kupata maji huenda likawa jambo la kawaida kwa sayari za miamba popote zilipo. Huo ndio uzito wa swali hili, na mkulima wa mihogo wa Kurui ana haki nalo sawa na profesa wa Paris.

Tanzania imo katika kesi hii kwa jina la Ivuna na kwa anga la kusini lililo juu yetu, lakini haimo kwa idadi ya watafiti. Haimo pia katika nchi nane za Afrika zilizojiunga na Afrika Kusini kwenye mradi wa darubini ya redio ya SKA, ingawa jirani zetu Kenya, Msumbiji na Zambia wamo. Kuna la kufanya lisilosubiri bajeti. Vipimo vya ALMA hufunguliwa kwa umma, kwa kawaida mwaka mmoja baada ya mtafiti kukabidhiwa, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuvipakua bila malipo, vikiwemo vya Beta Pictoris na 49 Ceti. Wakuu wa idara za fizikia za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Huria na Dodoma, wapeni wanafunzi wenu wa mwaka wa mwisho data hizo mwaka huu. Na Taasisi ya Elimu iandike habari za kimondo cha Ivuna katika kitabu cha jiografia cha sekondari, penye sura ya mfumo wa Jua, kwa jina lake na tarehe yake.